Likizo ya kwanza kwenye hoteli ya kisiwani: mwongozo kamili, kuanzia msimu hadi boti ya kurudi

Wengi huanza kupanga likizo ya kisiwani kwa kutazama picha za vyumba. Wanaona kibanda cha kifahari juu ya maji ya buluu, kitanda kimepambwa kwa maua, wanalipa, halafu ndipo wanaanza kuuliza mwezi gani unafaa na huko kunafikwaje. Ushauri wangu ni kuugeuza mpangilio huo juu chini, chumba kiwe cha mwisho. Hoteli ya mjini ikikuudhi, unahamia ya jirani jioni ileile. Kwenye kisiwa chenye hoteli moja, jirani yako ni bahari. Utakula kwao, utapanda boti yao na utalipa bei zao mpaka siku ya kuondoka. Kwa hiyo mambo karibu yote yatakayoifanya likizo iwe tamu au chungu huamuliwa kabla hujatoa malipo ya awali, na ndiyo yanayojaza sehemu kubwa ya mwongozo huu.

Hatua ya 1: Anza na upepo

Visiwa vya kitropiki havina baridi ya kumtisha mtu, ila vina pepo, mvua na vimbunga, na kila bahari ina ratiba yake. Kwenye Atlantiki, pamoja na Karibi yote, msimu rasmi wa vimbunga ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na hupamba moto kati ya Agosti na mapema Oktoba. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, yaani Morisi, Réunion, Madagaska na Komoro, mambo ni kinyume: hatari iko kati ya Novemba na Aprili, hasa Januari hadi Machi. Karibu kabisa na ikweta ni nadra vimbunga kujiunda, kwa kuwa nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, ambayo ndiyo huvifanya vizunguke, ni hafifu mno pale. Ndiyo maana visiwa vikuu vya Shelisheli, vilivyo kama nyuzi nne na nusu kusini mwa ikweta, kwa kawaida husalimika. Aruba, Bonaire na Curaçao nazo ziko kusini mno mwa Karibi hata vimbunga vingi hupita kaskazini yake.

Ukishavuka suala la vimbunga, kuna pepo za msimu. Maldivi, kwa mfano, hupata ukavu na bahari tulivu takriban Desemba hadi Aprili, upepo unapotoka kaskazini-mashariki. Mei hadi Oktoba upepo hugeuka kusini-magharibi, mvua huongezeka na bahari huchafuka. Bei hufuata upepo huohuo. Msimu wa mvua si lazima iwe mvua ya kutwa kucha. Mara nyingi ni manyunyu makali ya saa moja kisha jua, ingawa zipo siku ambazo mbingu hufunga na hazifunguki. Kwa mtu wa mara ya kwanza mwenye bajeti ya kawaida, mimi hupendelea miezi ya mpito, wiki chache kabla au baada ya kilele. Bei huwa imeshuka na hali ya hewa bado inakubalika.

Watu hutaja mwezi na kusahau upande wa kisiwa, ilhali upande una uzito uleule. Kusi, yaani upepo wa kusini-mashariki, linapovuma, takriban Mei hadi Septemba magharibi mwa Bahari ya Hindi, fukwe zinazotazama kusini-mashariki hupigwa na mawimbi, huku upande wa pili wa kisiwa hichohicho maji yametulia kabisa. Kule Morisi, ukienda Julai, pwani ya mashariki ina upepo wa kuwafurahisha wanaocheza na tanga. Anayetaka kulala chini ya mwavuli na kuogelea taratibu aelekee magharibi. La Digue, Shelisheli, ina Grand Anse, ufukwe mzuri ajabu ambao kwenye kipindi hicho una mikondo ya hatari. Fungua ramani, tafuta hoteli iko upande gani, kisha uliza mwezi wako upepo hutoka wapi. Kazi hiyo haikuchukui dakika tano.

Anayefikiria Karibi aongeze jambo moja kwenye orodha: mwani wa kahawia unaoelea, uitwao sargassum. Tangu 2011 umekuwa ukifika kwa wingi usio wa kawaida, hasa takriban Machi hadi Agosti, na ukioza ufukweni hunuka kama mayai mabovu. Fukwe zinazotazama mashariki ndizo huzidiwa.

Hatua ya 2: Kisiwa kidogo au kikubwa?

Jibu la swali hili linategemea tabia yako. Kuna kisiwa ambacho chote ni hoteli moja, kama ilivyo kawaida Maldivi: unakizunguka kwa miguu dakika kumi na tano, umemaliza. Hakuna soko, hakuna mtaa, hakuna pa kula nje. Kwa mtu aliyechoka na kelele, hiyo ni pepo. Kwa mtu anayeanza kutapatapa siku ya tatu akiwa hana pa kwenda, ni kifungo chenye mandhari nzuri. Visiwa vikubwa kama Morisi, Bali, Unguja au Jamaika vina barabara, miji, milima ya kupanda na mahali pa kula nje ya hoteli, na hata siku ya mvua ina la kufanya.

Jiulize kwa ukweli: likizo yako ya mwisho, ulikaa ukatulia siku ngapi kabla hujatafuta pa kutoka? Kama jibu ni siku mbili, usiende kujifungia wiki nzima kwenye kipande cha mchanga. Unaweza kugawa: siku kadhaa kisiwa kikubwa, kisha tatu au nne za mwisho kwenye kisiwa kidogo. Hakikisha tu kwamba mpangilio ni huo, pilikapilika kwanza na utulivu baadaye. Ukianza na utulivu, safari za barabarani za baadaye utaziona adhabu.

Kuhusu urefu wa kukaa, usihesabu siku ya kufika wala ya kuondoka. Hoteli nyingi hukabidhi vyumba saa nane au saa tisa mchana na kutaka uondoke kati ya saa nne na saa sita. Usiku nne maana yake ni siku tatu kamili. Chini ya hapo, gharama ya kufika huko hailipi.

Hatua ya 3: Safari ya mwisho, kutoka uwanja wa ndege hadi chumbani

Hapa ndipo bajeti nyingi huvunjika. Tiketi ya ndege ya kimataifa inakufikisha uwanjani tu. Kutoka hapo huenda kukawa na gari la saa mbili, boti ya kasi, ndege ndogo ya ndani pamoja na boti, au ndege inayotua majini. Nauli ya kipande hicho cha mwisho hutozwa kwa kila mtu, kwenda na kurudi, na mara nyingi haimo kwenye bei ya chumba uliyoiona mwanzo. Kwa familia ya watu wanne inaweza kushindana na gharama ya usiku kadhaa.

Ndege zinazotua majini huruka wakati wa mwanga wa mchana tu. Ukitua Velana, uwanja mkuu wa Maldivi, baada ya takriban saa tisa na nusu alasiri, kuna uwezekano mkubwa wa kulala karibu na uwanja na kusubiri asubuhi, na usiku ule wa kwanza kule hotelini utakuwa umeulipia bure. Kabla ya kununua tiketi ya ndege kubwa, waandikie hoteli saa utakayotua na saa utakayoondoka, usubiri wakujibu kwamba usafiri wao unalingana nazo. Hoteli kwanza, tiketi baadaye. Wengi hufanya kinyume kwa sababu wameona nauli ya kutupa, kumbe ndege yenyewe inatua saa nne usiku.

Uzito nao una mambo yake. Ndege hizo ndogo mara nyingi huruhusu kilo 20 za mzigo na kilo 5 za mkononi, hata kama ndege iliyokuleta ilikupa kilo 30 au zaidi. Ziada hupimwa na kulipiwa palepale. Kama unalewa bahari, kunywa dawa ya kichefuchefu kabla hujapanda boti, si baada ya kuanza kutokwa na jasho jembamba. Ikishafika huko haifanyi kazi yake. Kaa nyuma ya boti, karibu na katikati, ambako kurukaruka ni kidogo, na utazame mstari wa mbali pale bahari na mbingu zinapokutana, si simu.

Wakati wa kurudi, acha nafasi. Bahari ikichafuka boti haiondoki, na ndege ya kimataifa haikusubiri. Ikiwa ndege yako ni ya asubuhi na kisiwa kiko mbali, lala usiku wa mwisho karibu na uwanja.

Hatua ya 4: Chunguza ufukwe wenyewe

Picha zote za hoteli hupigwa maji yakiwa yamejaa. Maji yakipwa, ufukwe uleule unaweza kuwa uwanja wa tope, majani na mawe hadi upeo wa macho. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hubadilika sana kutoka mahali hadi mahali: sehemu kubwa ya Karibi haifiki nusu mita, Maldivi ni kama mita moja, ilhali Unguja wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, inakaribia mita nne, na pwani yake ya mashariki maji huondoka mbali mno. Hilo halifanyi mahali pawe pabaya. Linataka tu ujue saa zako.

Majedwali ya maji yapo mtandaoni kwa karibu kila pwani, na kuyasoma si kazi. Sehemu nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika hamsini. Tuseme siku unayofika maji yanakupwa kabisa saa tano asubuhi. Siku ya pili itakuwa karibu saa sita kasoro dakika kumi, ya tatu saa saba kasorobo hivi. Baada ya wiki moja yatakuwa yamesogea karibu saa sita nzima, kwa hiyo ile saa tano ya asubuhi sasa maji yako juu ukutani. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, tofauti inakuwa kubwa. Nusu mwezi huleta maji mafu, tofauti ndogo. Kama una uhuru wa kuchagua tarehe na unakwenda mahali penye maji ya kupwa sana, weka siku zako zizungukie nusu mwezi.

Baada ya hapo fungua picha za satelaiti. Humo utaona ambayo tangazo haliyaonyeshi: umbali kati ya kibanda na kibanda, gati lililo mbele ya vyumba fulani, paa la mitambo ya umeme nyuma ya vyumba vya bei nafuu, ukuta wa mawe pale ambapo mchanga umeliwa na mawimbi, mwamba wa matumbawe ulio mita hamsini au kilomita nzima kutoka ufukweni. Rangi ya kijani kibichi karibu na pwani mara nyingi ni majani ya baharini. Ukanda mweusi wa buluu unaoanza ghafla ni ukingo wa mwamba, na hapo ndipo samaki walipo. Kama ndoto yako ni kutazama samaki kwa miwani na mrija, chagua mahali ambapo ukingo huo unafikika kwa kuogelea kutoka ufukweni, la sivyo kila ukitaka kutazama samaki utalipia boti. Kama una watoto wadogo, tafuta kinyume chake: maji mapana, ya kina kifupi, yaliyokingwa na mwamba ulio mbali.

Maoni ya wageni yasome kwa mpangilio wa tarehe, mapya kwanza. Anayesifu kila kitu hakusaidii, na anayelaani kila kitu ana ugomvi wake. Soma wale wa katikati, waliotoa nyota tatu, kwa sababu ndio hutaja mambo yenye sura: kiyoyozi kinachotoa sauti, foleni ya kifungua kinywa, ujenzi wa jirani unaoanza saa moja asubuhi. Picha zilizopigwa na wageni zina thamani kuliko zote.

Hatua ya 5: Milo na bei halisi

Kwenye orodha za bei utakutana na herufi. BB ni chumba na kifungua kinywa. HB ni kifungua kinywa na chakula cha jioni. FB ni milo yote mitatu. AI ni milo na vinywaji, na hapo ndipo pa kuuliza kwa makini, maana kila hoteli ina tafsiri yake: vinywaji gani, mpaka saa ngapi, migahawa yote au mmoja tu, maji ya chupa chumbani yamo au hayamo. Kwenye kisiwa cha hoteli moja usichukue BB kwa sababu imeonekana rahisi. Chakula cha mchana na cha jioni kitanunuliwa palepale, kwa bei ya mahali pasipo na mpinzani. HB huwatosha wengi wanaokula kifungua kinywa kizito na kwa kuchelewa. Kisiwa kikubwa chenye migahawa nje, BB inafaa kabisa na ina faida ya kukutoa.

Kisha kodi. Ukiona alama mbili za kujumlisha mbele ya bei, maana yake ada ya huduma na kodi bado hazijaongezwa. Chukua Maldivi: ada ya huduma ya asilimia 10 huwekwa kwanza, halafu kodi ya utalii ya asilimia 17, kiwango kilichoanza Julai 2025, hukokotolewa juu ya jumla hiyo. Kitu kilichoandikwa 100 kinakuwa 110, kisha 128.70. Bado kuna kodi ya mazingira kwa kila mtu kwa kila usiku. Unapolinganisha hoteli mbili, linganisha jumla ya mwisho ya kundi lenu zima: vyumba, milo, kodi, na usafiri wa boti au ndege kwenda na kurudi. Mara kwa mara hoteli iliyoonekana ghali ndiyo inatoka nafuu.

Uliza pia masharti ya kughairi. Bei ya chini kabisa karibu kila mara ni ile ambayo hairudishwi hata senti. Kama unakwenda kwenye msimu wa vimbunga, tofauti ndogo ya kupata uhuru wa kughairi ni pesa iliyotumika vizuri.

Hatua ya 6: Sasa chumba

Umefika kwenye zile picha. Chumba juu ya maji kina mandhari ya kipekee, lakini kiko mbali na mgahawa, upepo ukiwa mkali kinavuma usiku kucha, na hoteli nyingi haziruhusu watoto chini ya umri fulani kulala humo. Chumba cha ufukweni kinakupa mchanga na kivuli cha miti. Wanaokaa usiku mwingi wanaweza kugawa, ila kila kuhama kunakula nusu siku. Kwa safari ya kwanza ningechukua cha ufukweni, kisha fedha iliyobaki niiweke kwenye usiku mmoja zaidi. Upande wa machweo hupendwa na hulipiwa zaidi, lakini kumbuka kwamba jua hilohilo la alasiri ndilo litakalokuchoma kibarazani kwako.

Hatua ya 7: Barua moja kabla ya kulipa

Usipige simu, andika, ili majibu yabaki na ushahidi. Barua fupi ya aina hii inatosha:

“Tutatua tarehe fulani saa fulani kwa ndege nambari fulani, watu wazima wawili na mtoto wa miaka minne. Je, tutawahi usafiri wa siku hiyohiyo? Tafadhali nipeni jumla ya gharama zote, pamoja na usafiri kwenda na kurudi, ada ya huduma na kodi zote. Katika tarehe hizo kuna ujenzi au ukarabati wowote hapo au jirani? Ufukwe ulio mbele ya chumba hicho unaogeleka maji yakiwa yamekupwa? Mtoto anakula kwa malipo gani? Daktari wa karibu yuko wapi?”

Swali la ujenzi ndilo muhimu kuliko yote, na ndilo ambalo wengi hawaulizi. Wakikujibu swali moja na kuruka mengine, rudia. Namna wanavyojibu barua kabla hujalipa ni kipimo kizuri cha watakavyokujibu ukiwa umeshalipa.

Hatua ya 8: Nyaraka, chanjo na bima

Nchi nyingi hutaka pasipoti yenye uhai wa angalau miezi sita mbele. Angalia leo, si wiki ya safari. Visa, au fomu ya mtandaoni ya kuingia nchini, ithibitishe kwenye tovuti rasmi ya serikali husika. Zipo tovuti za madalali zinazofanana nazo na kutoza fedha kwa fomu ya bure. Pitia pia masharti ya nchi utakazobadilishia ndege.

Anayetoka au kupitia nchi zenye homa ya manjano anaweza kudaiwa cheti cha chanjo. Cheti hicho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 ni cha maisha. Kuna visiwa visivyo na malaria, Maldivi ilithibitishwa kuwa haina mwaka 2015, lakini homa ya dengi ipo sehemu nyingi za kitropiki, na mbu wake huuma mchana. Chandarua cha usiku hakikukingi na huyo. Utahitaji dawa ya kujipaka.

Bima ya safari kwa kisiwa cha mbali ina kazi moja kubwa: kukuhamisha. Mguu ukivunjika mahali penye zahanati ndogo, boti au ndege ya kukufikisha hospitali ndiyo gharama ya kuogofya. Tafuta kipengele hicho kwa jina kwenye mkataba, kisha tazama kama wanafidia kupiga mbizi na hadi kina gani. Inunue siku uliyolipia hoteli. Kimbunga kikishapewa jina, kampuni za bima hukihesabu kuwa jambo lililojulikana, na bima inayonunuliwa baada ya hapo haikilipii.

Hatua ya 9: Begi

Utabeba nguo nyingi mno, kila mtu hubeba. Nguo nyepesi, mbili za kuogelea ili moja ikauke, vazi moja la heshima kwa mgahawa wa jioni na kwa vijiji utakavyotembelea. Vilivyo muhimu ni vile ambavyo duka la hoteli litakuuzia kwa bei ya kulia: losheni ya kuzuia jua, dawa ya mbu, dawa zako binafsi kwenye mzigo wa mkononi pamoja na nakala ya cheti cha daktari, viatu vya majini vyenye soli, fulana ya mikono mirefu ya kuogelea, na adapta ya umeme ya nchi hiyo. Miwani ya majini inayokukaa vizuri usoni ni bora uje na yako. Za kuazimwa huvuja.

Losheni iwe SPF 30 au zaidi. Soma viambato. Palau ilipiga marufuku losheni zenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia Januari 2020, Hawaii ikapiga marufuku kuziuza kuanzia Januari 2021, kwa hofu ya matumbawe. Zenye oksidi ya zinki zinakubalika karibu kila mahali. Na kabla ya kufunga begi, soma forodha inazuia nini: Maldivi, mathalani, hairuhusu wageni kuingia na pombe wala sigara za kielektroniki. Droni huhitaji kibali visiwa vingi.

Hatua ya 10: Siku mbili za kwanza

Jua huwaumiza wageni kuliko papa, samaki wa sumu na mikondo vyote kwa pamoja. Siku ya kwanza mtu anaelea kifudifudi saa nzima akitazama samaki, maji yanampoza, hahisi kitu; jioni mgongo na nyuma ya magoti vimekuwa vyekundu au vinawaka, na siku tatu zinazofuata hazilaliki. Vaa ile fulana, paka losheni kila baada ya saa mbili na kila utokapo majini, na saa sita hadi saa tisa kaa kivulini.

Kabla ya kuingia majini mara ya kwanza, muulize mhudumu wa ufukweni mambo mawili: mkondo uko wapi, na mwamba unaingiwa kupitia mlango gani. Anajua, na kwa kawaida anafurahi kuulizwa. Mkondo ukikuvuta kwenda nje usipambane nao. Elea kwanza, pumua, inua mkono kuomba msaada. Kama una nguvu, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo, kisha rudi kwa mshazari. Kwenye maji ya kina kifupi tembea kwa kuburuza miguu ili samaki aina ya taa aliyejifukia mchangani ashtuke aondoke. Ukichomwa na mwiba wa samaki wa sumu, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa au zaidi, huku mwenzako anaita daktari. Mkwaruzo wa matumbawe, hata mdogo, uoshwe kwa maji safi na sabuni mara moja, maana huoza kwa urahisi.

Usikanyage matumbawe wala kuyashika. Mtoto asiwe majini bila mtu mzima kumfikia kwa mkono, hata kama kuna mlinzi na hata kama maji ni ya magotini.

Shughuli kubwa, kama safari ya boti au kupiga mbizi, panga siku ya pili au ya tatu, si ya mwisho. Upepo ukiahirisha, bado una siku za akiba.

Hatua ya 11: Kuondoka

Kama umepiga mbizi kwa mtungi, usipande ndege haraka. Mwongozo unaofuatwa na wapiga mbizi ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 baada ya mbizi za kurudiarudia. Wengi hujiwekea saa 24, nami nakubaliana nao. Ndege ndogo kati ya visiwa nayo inahesabika.

Omba bili jioni ya kabla, uipitie mstari kwa mstari ukiwa na muda, maana asubuhi boti inasubiri na foleni ni ndefu. Vinywaji vya watu wengine huingia kwenye chumba chako kwa bahati mbaya mara nyingi kuliko unavyodhani. Mashine ya kadi ikikuuliza kama unataka kulipa kwa fedha ya kwenu, kataa, chagua fedha iliyoandikwa kwenye bili. Ubadilishaji wa mashine hiyo una kiwango kibovu. Makombe, vipande vya matumbawe na farasi wa baharini waliokaushwa viache, viwe vya kuokota au vya dukani. Biashara ya vingi kati ya hivyo inabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na mashine za uwanjani huviona ndani ya begi. Nguo ya kuogelea ya asubuhi hiyo itiwe kwenye mfuko wa plastiki, na uwaulize kama kuna chumba cha kuogea kwa wageni waliokwisha kukabidhi funguo, kwa sababu hoteli nyingi wanacho ila hawakitangazi.